Kuachishwa Ziwa kwa Mwanangu

Mwanangu wa kwanza alikaa kitako akiwa na miezi sita, akatambaa wa nane, na wa tisa akaacha. Natumia neno hilo kwa makusudi. Hakuchelewa; alirudi nyuma. Alianza kuegemezwa mto ili akae, na mapaja yake, ambayo wanawake wa nyumba walizoea kuyafinya kwa furaha, yakalegea ngozi.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha bara na kupewa shule Chake Chake, na mke wangu alikuwa kwao Mtambile, kwa mama yake, kama ilivyo ada kwa uzazi wa kwanza. Kila mwisho wa wiki nilikwenda kuwatazama, nikilazwa chumba cha nje, peke yangu. Sababu ya upweke huo kila mtu aliijua. Mama anyonyeshaye akikutana na mumewe, maziwa yake huharibika na mtoto hudhoofu. Husemwa kwamba wazazi wamembemenda. Dini haikutukataza. Walikataza watu, na marufuku ya watu ndiyo yenye walinzi wengi zaidi.

Mtoto alipotimiza miezi minane, mama mkwe alikwenda matangani kwa siku mbili. Mimi nilikuwapo. Sina haja ya kueleza zaidi, ila kwamba alfajiri jirani alimwona mke wangu akiteka maji ya kuoga kisimani, na katika mtaa ule mwanamke anayeoga kabla ya adhana hahitaji kushitakiwa kwa jambo jingine.

Nilipokuja tena nilimkuta mke wangu amepakwa shubiri matitini na mtoto akilishwa uji wa muhogo, kwa kuwa mchele ulikuwa adimu. Nikauliza kulikoni.

"Mtoto mkubwa yuno," alijibu mama mkwe kutoka nyuma ya pazia, kwa kuwa mkwe na mkwewe hawatazamani ovyo.

"Ana miezi minane, mama."

"Hewala. Mkubwa."

Wiki ile nilimbeba hadi duka la Mhindi lililokuwa kando ya barabara nikamwomba mwenyewe anipimie mtoto kwa mizani yake ya karafuu. Alitandika gunia safi, akamweka juu, akasoma ratili kumi na sita. Baada ya wiki tatu tulirudi, ikawa kumi na nne. Nilimwomba apime tena.

"Mwalimu, mizani yangu imepigwa muhuri wa serikali," alisema, akimwondoa mtoto taratibu. "Mtu wako ndiye anayepungua."

Nilikwenda na hesabu ile mbele ya pazia. Nilieleza kwamba uji wa muhogo hujaza tumbo na haujengi mwili. Kwamba mtoto alianza kudhoofu baada ya kuachishwa, si kabla. Kwamba lililoonekana kuwa ushahidi wa kosa lilikuwa tunda la adhabu yake. Nilieleza vizuri. Hata leo naamini sijapata kujenga hoja iliyo safi kuliko ile, na haikusogeza hata kijiko.

"Mie sikusoma, mwanangu," alisema. "Weye umesoma. Lakini tazama miguu yakwe, kisha n'ambie imefanywa na nini."

Hapo ndipo nilipokuwa nikipandwa na hasira. Kila ratili iliyopotea ilinithibitishia maneno yangu, na kila ratili hiyo hiyo ilimthibitishia yeye ya kwake. Mke wangu alikuwa ameulizwa siku ya kwanza, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kukiri.

Ijumaa iliyofuata alikuja somo wake, mwanamke aliyemfunda alipovunja ungo, mzee mwenye ruhusa ya kunitania. Aliketi kizingitini mwa chumba changu bila kukaribishwa.

"Bwana mkubwa, nimetumwa."

"Umetumwa na nani, Bi somo?"

"Na asiyeweza kukuuliza. Chumba hiki chakutosha? Hukupata joto ukatoka kutafuta upepo?"

"Sikutoka."

"Basi upepo ndio ulioingia." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Maji yale ya alfajiri, yalikuwa ya nini? Ukinipa jambo la kupeleka, mtoto atarudishiwa ziwa leo. Usiponipa, endelea kumpima dukani."

Nilikuwa nimejifunza miaka mingi kwamba ukweli hujitetea wenyewe. Siku ile sikuungoja ujitetee; nikamwambia kwamba mke wangu alikuwa ametoka hedhini na alioga ili aswali.

Aliinuka kizingitini. "Hilo lina miguu," akasema. "Nitalipeleka."

Kabla ya adhuhuri shubiri ilikuwa imeoshwa. Nilihofu kwamba maziwa yamekwisha kukauka, lakini hayakuwa yamekauka: mke wangu alikuwa akiyakamua chooni kila siku, asubuhi na jioni, na kuyamwaga. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema, "Nilikuwa nakungoja useme hilo ulilolisema leo. Umetoa hotuba wiki tatu." Alishindwa kumdanganya mama yake, na hakuwa ameshindwa kunitegemea.

Mwanangu alitambaa tena kabla ya kutimiza mwaka. Mama mkwe alizunguka naye nyumba hata nyumba. "Wazee wakwe walijihifadhi," akisema. "Ndiyo kasimama."

Ukafika wakati mtoto wa yule jirani aliyeyaona maji akapata homa zisizoisha na kukonda. Naye akapakwa shubiri mamake. Mke wangu aliniambia, "Nenda kamwambie mumewe ukweli."

Nilikwenda. Nilimkuta barazani akisuka makuti, na kabla sijaketi alisema, bila kuinua uso, "Wenu mlimhifadhi, mwalimu. Sie tulishindwa." Masikio yake yalikuwa yamewiva kwa haya. Sentensi moja ingetosha. Lakini sentensi ile ingefika kwa mama mkwe kabla ya magharibi, na mwanangu alikuwa bado ananyonya.

"Mpelekeni dispensari," nikasema.

"Tutampeleka, inshallah."

Nyumbani mke wangu aliuliza kama nimesema. Nikamjibu kwamba nimemshauri dispensari. Alimchukua mtoto, akanigeuzia mgongo, akamnyonyesha.

Mtoto wa jirani aliishi, ila alichelewa mno kutembea. Wa kwetu alikuwa akikimbia ilhali yule bado anashika ukuta. Mama mkwe aliwaonyesha wali, mabinti wapya waliokuwa wakifundwa, watoto wote wawili, mmoja baada ya mwingine, nami nikiwa nimeketi papo hapo nikisikiliza.