Posa kwa Gari la Spoti

Siku ninayoikumbuka kila nikikuona unalipangusa hilo gari lako, mwanangu, ni ile niliyokwenda kutafuta mke kwa gari la spoti. Kaa hapo kibarazani kidogo. Ufunguo utie mfukoni, gari halitaondoka peke yake, ingawa ulivyolisifu jana nilianza kuingiwa na wasiwasi.

Jana ulinionyesha kile kioo chake. Ukigusa hapa gari linakuwa laini, ukigusa pale linakuwa gumu, na ukigusa pengine linajiamulia lenyewe. Ukaniuliza kama zamani zetu tuliwahi kuona mambo kama hayo. Nilinyamaza kwa sababu mamako alikuwa anapakua chakula na mimi nilikuwa na njaa. Leo nimeshiba, nitakujibu. Tuliyaona, na nusura yaniache kapera.

Nilikuwa kijana wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Kipevu. Tajiri wangu, Bwana Athmani, Mungu amrehemu, alijiletea gari kutoka Japani. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, na limekaa chini hata kuingia ilikuwa ni kushuka na kutoka ni kupanda. Kiti cha nyuma kilikuwapo kwa jina tu. Kando ya gia palikuwa na kitufe cha pande mbili, upande mmoja laini, upande wa pili spoti.

Bwana Athmani alinieleza mwenyewe, kwa fahari, kama vile amelitengeneza yeye. Kila gurudumu, alisema, lina nguzo yake yenye mafuta ndani, ambayo mafundi wanaiita shokabzoba, na kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke ovyo. Katika magari mengi nguzo hiyo ikizaliwa ngumu itakufa ngumu. La kwake ukibonyeza spoti, njia ya mafuta inabanwa na nguzo inakaza. Hapo gari halilali kwenye kona, haliinamishi pua ukikanyaga breki, na usukani ukiugusa linakwenda pale pale ulipotaka. Ukibonyeza laini, mafuta yanapata nafasi ya kupita, na mashimo yanamezwa bila ya wewe kuyasikia. Katika maelezo yote hayo mimi nilishika neno moja tu, nalo ni spoti.

Sasa, wakati huo moyo wangu ulikuwa Timbwani, kwa Rukia, huyu ambaye wewe unamwita mama. Alilelewa na bibi yake, Bi Mwanasha, na neno la Bi Mwanasha ndilo lililokuwa la mwisho katika nyumba ile. Nilikuwa nimesikia kwamba ipo posa nyingine imeshafika, ya kijana wa Kisauni mwenye duka la samani, mtu mzima na akili zake. Kama wazee wangu wasingependeza siku hiyo, Rukia angekwenda Kisauni na wewe leo ungekuwa unauza makochi.

Unajua desturi yetu. Mposaji haendi kuposa mwenyewe. Huwatuma wazee, naye hubaki nyumbani akijifanya hana habari. Lakini Bwana Athmani alipokubali kuniazima gari ili wazee wangu wafike kwa heshima, nikajiambia kwamba dereva si mposaji. Dereva hukaa garini akatazama mbele. Basi nikajitolea kuwa dereva, nikavaa kanzu ya Iddi na kujifukiza udi mpaka paka wa nyumbani akahama.

Tuliondoka kwetu Changamwe watu watatu. Shangazi Zuhura, msemaji wetu, mtu ambaye angeweza kuliposea jiwe likakubaliwa, alikaa mbele. Ami Swaleh, unayemjua kwa picha, alikunjwa nyuma pamoja na sinia la halwa juu ya magoti. Kitufe kiko spoti.

Barabara ya kutoka kwetu ilikuwa imekanyagwa na malori ya bandarini, kiraka juu ya kiraka. Kila kiraka kilipanda kutoka kwenye gurudumu, kikapita kwenye kiti, kikaingia mgongoni mwa Shangazi. Alianza kusema bismillahi na neno likamkatikia mdomoni vipande vipande. Nyuma nilisikia kichwa cha Ami kikigonga dari.

"Punguza mwendo, mwanangu!" Ami akapiga kelele.

"Si mwendo, Ami, twaenda polepole. Ni gari limekaza."

"Basi lilegeze!"

"Hapana, Ami. Hivi ndivyo linavyopendeza."

Hilo ndilo jibu nililompa mtu mzima, mwanangu, ndugu ya baba yangu, aliyekuwa amekunjwa kwa ajili yangu. Hata leo nikilikumbuka naona haya. Nilidhani gari likiwa gumu basi na mimi ni mwanamume.

Tulipofika kwenye lile bamba la chuma la kupandia feri ya kuvukia kwenda Timbwani, gari liliruka, na halwa nayo ikaruka. Unaijua halwa ya Mombasa. Haimwagiki kama mchuzi, bali hutua mahali ikakaa. Ile yetu ilitua kwenye kanzu ya Ami, kuanzia kifuani kushuka, na nyingine ikaingia baina yake na kiti.

Timbwani tulimalizwa na matuta. Mbele ya nyumba ya Bi Mwanasha nikafungua mlango, Shangazi akatoka ameinama, na hivyo hivyo akabaki. Alikaribishwa kiti, hakuweza kukaa. Maneno yote ya posa, yale matamu aliyokuwa ameyapanga tangu wiki iliyotangulia, aliyatoa amesimama, ameshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili. Ami hakutoka kabisa. Alijaribu, kanzu ikabaki kitini. Kwa kuwa heshima ilidai na yeye asikike, kila Shangazi alipomaliza sentensi, Ami aliitikia kutoka dirisha la gari, "Naam! Ndivyo!"

Bi Mwanasha akatoka nje. Alikuwa mwembamba, mfupi, na macho yake hayakuwa na haja ya miwani.

"Na huyu?" akauliza.

"Dereva," Shangazi akasema upesi.

"Dereva wenu hunukia udi?"

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, dereva. Wazee wa watu umewafanya nini?"

"Ni gari, Bibi. Liko kwenye spoti."

"Kwani lina namna nyengine?"

"Lina namna ya laini."

"Na hiyo laini ulimuwekea nani?"

Nilitazama mbele, kama dereva. Kwenye dirisha la nyumba niliuona upande wa mtandio wa Rukia ukitikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Baadaye aliniambia alikuwa anacheka, na kwamba alilazimika kuuma mto.

"Nipeleke njia ya Ukunda unirudishe," Bi Mwanasha akasema, akijifunga buibui vizuri. "Posa nitaijibu nikirudi. Na mujue wazee wa yule wa Kisauni walipokuja walikaa vitini."

Akaingia mbele. Ami akabaki nyuma kwa sababu hakuwa na hiari. Nikajisemea, hapa ndipo pa kuonyesha adabu, nikabonyeza laini. Kwa kweli katika mashimo ya Timbwani gari lilitulia ajabu. Bi Mwanasha akatikisa kichwa polepole, na mimi nikaanza kuwaza nguo za harusi.

Tukaingia barabara kuu, lami safi, nikaongeza mwendo. Kona ya kwanza gari likalala upande wake, likarudi, likayumba tena kidogo kabla ya kukaa sawa. Nikashika breki, pua ikainama, sote tukainama nayo. Kona ya pili Bi Mwanasha akaziba mdomo kwa pembe ya buibui.

"Dereva, gari hino ina usingizi?"

"Nimekuwekea laini, Bibi, kwa heshima ya umri."

"Nani kakwambia umri wangu wataka kulazwa? Kunitapisha ndiyo heshima? Kaza!"

"Bibi?"

"Hiyo nyengine. Kaza, nasema!"

Nikabonyeza spoti. Lami pale ilikuwa nyororo, hapakuwa na kiraka cha kumuumiza mtu, na kona iliyofuata gari liliikata likiwa limesimama wima, bila kuyumba, bila kuinama. Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Bi Mwanasha alikuwa ameshika mshikio wa mlango, meno yote nje.

"Yallah," akasema. "Geuza. Hiyo kona irudie."

Tuliirudia. Tukairudia tena. Nyuma Ami alikuwa anasoma nyiradi kwa sauti. Tulipofika mahali lami imelika na changarawe zimejitokeza, Bi Mwanasha akainua kidole kabla sijafika, akasema, "Legeza." Nikalegeza. Lami iliporudi akasema, "Kaza." Tulikwenda hivyo mpaka mlangoni kwake, kaza na legeza, na mimi nikafanya kila nilichoambiwa. Gari lile lile lililomvunja Shangazi mgongo lilimrudisha Bi Mwanasha akiwa anacheka kama msichana.

Akashuka, akamwendea Shangazi aliyekuwa bado ameshikilia mlango.

"Dereva wenu hana akili," akasema, "ila akiambiwa asikia. Yule wa Kisauni sijui, hajanipakia. Basi mwambieni mposaji wenu, popote alipo, posa yake nimeikubali. Na mjukuu wangu asimkalishe nyuma."

"Naam! Ndivyo!" Ami akaitikia garini.

Shangazi alifurahi sana, lakini alirudi Changamwe kwa gari la kukodi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Tangu utoto unamsikia mamako akinipigia kelele, "Legeza!" nikiwakemea kupita kiasi, na "Kaza!" nikiwadekeza mkakosa chuo cha Kurani. Labda ulidhani ni maneno ya jikoni tu. Ni mambo ya kitufe kile. Ugumu si ubaya, maana kwenye kona bila ya ugumu mtu analala. Upole nao si ubaya, kwani njia ya watu ina mashimo. Ubaya ni kuchagua kwa ajili ya kujipendezea, na abiria yuko kando yako anagonga dari. Na mimi nilikosea pande zote mbili. Mara ya kwanza sikumuuliza Ami, na alipojisemea sikumsikia. Mara ya pili nilimwona mkongwe nikamkisia, nikamwekea upole ambao hakuuomba, na nusura umtapishe.

Najua utakalosema. La kwako linajiamulia lenyewe, lina vyombo vinavyoisoma barabara kabla hujaifikia. Sawa, naamini. Linaisoma barabara, lakini aliyekaa kitini halimsomi. Hiyo kazi wamekuachia wewe. Kesho unakwenda Kisauni kumchukua mama wa yule binti unayetaka kumwoa. Kabla hujakigusa kioo chako, mwamkie, msubiri akae vizuri, kisha umuulize yeye anaionaje safari. Akisema legeza, legeza. Akisema kaza, shukuru Mungu, umepata mkwe. Na kama atakuja na sinia la kitu chochote kinachonata, hilo ulishike wewe mwenyewe mpaka...

Umemsikia mamako huko jikoni? Ati nilegeze, umeshaelewa tangu saa ile.

Haya, nalegeza. Inuka, nenda. Mola akufungulie njia, akulinde wewe na kila utakayempakia, na akupe mwenza wa kukwambia neno moja kwa wakati wake, kama alivyonipa mimi. Amina. Na ukipita kwa Shangazi Zuhura msalimie, lakini usimwambie umekuja na gari gani.