Mtu Aliyeshuka na Mwavuli

Watu huniuliza kwa nini mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa Kifaransa mwenye wajukuu, anazitumia Jumapili zake kutazama filamu zilizotengenezwa kabla hajazaliwa. Nawajibu kwamba wao huzitumia zao kusengenya watu, na mimi siwaulizi. Sebuleni kwangu Kanyosha, hapa Burundi, nina projekta ndogo, na ukuta mmoja nimeupaka rangi nyeupe na kuupigia marufuku kalenda na picha za harusi. Mchana umeme ukikubali, nafunga mapazia mazito, nakaanga karanga, nakaa.

Sisemi kwamba vya kale vyote ni dhahabu. Vingine ni vumbi tu, na nimevizima katikati bila huruma. Lakini filamu nzuri ukiirudia ukiwa mtu mzima, unagundua kwamba utotoni ulimtazama mtu mwingine kabisa. Ulimfuata kijana mwenye bunduki, kumbe hadithi ilikuwa ya mama yake, yule aliyekuwa nyuma akikunja nguo. Za sasa nazo nazipenda. Najua msemo wa kipya kinyemi ingawa kidonda, ila hawa vijana wetu wanaotengeneza filamu siku hizi si vidonda. Wanajua kuiacha kamera itulie kwenye uso wa mtu mpaka uso wenyewe uanze kusema.

Kilichonikosesha raha ni kutazama peke yangu. Aliyenifundisha kupenda sinema ni dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya, kama tunavyomwita kwetu ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Presha ya macho ilimpofusha polepole, jicho moja kisha la pili, na alipohamia kwangu alikuwa hajui tena dirisha liko upande gani. Alikaa chumbani na redio. Nikimwita sebuleni alikuwa na jibu moja: “Filme ni ya wenye macho. Mi uniache na redio yangu.” Iliniuma, na pia ilinikera. Nilitaka arudi kukaa kando yangu, na mimi nikitaka kitu sichoki upesi.

Utoto wetu ulikuwa mtaa wa Buyenzi. Nyuma ya gereji moja palikuwa na chumba cha video, mabenchi na televisheni iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma, na kando yake alisimama mfasiri mwenye kipaza sauti. Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi, na yeye alitugeuzia kila kitu kwa Kiswahili. Alisema kwa sauti ya shujaa, ya adui, ya bibi harusi, hata ya ng'ombe. Ikibidi aliingiza na ya kwake: shujaa akiwa amepiga magoti mbele ya mchumba, tungemsikia anasema, “Na we mama wa mbele, punguza kilemba, watu wa nyuma hawako wanaona kitu.” Tulicheka mpaka benchi likalalamika. Kama alikijua Kihindi au alikisia, hakuna aliyemuuliza.

Filamu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya baba aliyeondoka kijijini kwenda kufanya kazi kiwandani mjini, akiwa na mwavuli mweusi mkononi. Wanawe wawili wanakwenda stesheni kila siku kumngoja. Mwishoni treni inaingia, anashuka mwanamume mwenye ndevu nyingi, watoto wanamkimbilia, anawakumbatia na wote wanalia. Mfasiri wetu aliinua sauti: “Wanangu, baba yenu nimerudi!” Chumba kizima kilipiga makofi. Wengi wetu pale tulikuwa watoto wa watu waliovuka kutoka Congo, na wengi baba zetu walikuwa safarini.

Wetu aliondoka na robota la vitenge kupitia Uvira kwenda Kalemie, huko Congo, akasema atakuwa nyumbani kabla ya Idi. Idi ilipita, ikapita nyingine, naye hakurudi. Mimi nilikuwa mdogo na sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshaona mambo kama hayo yanavyoisha. Lori likija kutoka upande wa Uvira niliwakagua wanaoshuka, na nilikuwa nimejiandaa kwa ndevu.

Mwaka jana nikaipata filamu ile, imesafishwa vizuri na ina maandishi ya Kifaransa chini. Nilikwenda mbio chumbani kwa Yaya. “Ile ya stesheni,” nikamwambia. “Utasikiliza, mimi nitakuwa mfasiri.” Akanyoosha mkono nimwongoze. Nilijiona nimeshashinda.

Nilifasiri kwa mbwembwe zote, sauti nene, sauti nyembamba, hata ng'ombe. Yaya alicheka kicheko chake cha zamani. Tukafika stesheni. Treni ikaingia, mtu mwenye ndevu akashuka, watoto wakamkimbilia, nami nikasoma maandishi yale yakipita: “Mimi nililala kitanda cha jirani na cha baba yenu. Kabla hajafa aliniomba niwafikishie mwavuli huu.”

Nilisoma kwa sauti kabla sijaelewa ninachosoma. Picha zilikuwa zilezile, machozi yaleyale, ila mtu yule hakuwa baba yao. Hakuwahi kuwa.

Yaya alisema, “Zima.”

Badala ya kunyamaza nikaanza hotuba. Nikasema ukweli wa filamu lazima uheshimiwe, nikasema mfasiri wa Buyenzi alikuwa mwongo mkubwa, nikasema mengi kama ninavyosema darasani. Yeye aliinuka akapapasa ukuta wangu mweupe mpaka mlangoni, akarudi kwenye redio. Niliamini nimemvunja moyo. Nilidhani kwa miaka yote ile alikuwa ameshikilia mwisho ule kama mimi, nami nikamnyang'anya. Nilijichukia, na Jumapili kadhaa sikuwasha kitu.

Kisha nikasikia kwamba vijana wa hapahapa wamemaliza filamu yao, imechezwa milimani kwa Kirundi, na itaonyeshwa katikati ya mji siku ya Jumamosi mchana. Nikamwambia Yaya.

“Nani atatafsiri?” akauliza.

“Hakuna. Ni Kirundi, Yaya. Watasema wenyewe.”

“Basi nitaenda. Nimechoka kusomewa.”

Nilivumilia lile dongo. Tukapanda tuktuk, amevaa kitenge chake cha sikukuu, na ukumbini nikamkalisha pembeni ili nipate kumnong'oneza. Nilikuwa nimejipanga kumweleza kila picha. Lakini filamu ile ilikuwa na maneno machache sana. Mwanamke yuko jikoni kwake, mume amekwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka. Asubuhi moja anakuja mtu na baiskeli, wanaongea uani, mbali, hatusikii wanasema nini. Mtu anaondoka. Mwanamke anarudi ndani, anakaa mbele ya moto, na kamera haiondoki.

“Amekaa tu,” nilimnong'oneza Yaya. “Hakuna kinachotokea. Ameshika mwiko. Bado amekaa.”

Bwana mmoja wa mbele aligeuka kunitazama. Nami nikamtazama, mpaka akageuka tena. Ndipo Yaya akanishika goti.

“Nyamaza kwanza. Mi niko nasikia.”

“Unasikia nini? Hakuna anayeongea.”

“Maharagi. Maji imekauka. Iko inaungua na yeye hasongi. Wameisha kumuambia.”

Nikasikiliza. Kweli, ule mchemko wa chungu niliokuwa siujali ulikuwa umegeuka, sasa ulikuwa ni mkwaruzo mkavu wa kitu kinachoshika chini. Mwanamke wa Burundi anayeacha maharage yaungue, mwiko akiwa nao mkononi! Nilikuwa nimetazama picha yote, nisiione. Baadaye kwenye filamu majirani walianza kuingia mmoja mmoja na kukaa chini bila kusema, na ukumbi mzima ukaelewa kwamba ni msiba. Yaya alikuwa ametutangulia sote.

Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sikuificha. Ndani ya tuktuk nilimsifu sana. Nikamwambia filamu mpya ya watoto wetu imemrudisha kwangu, nikamwambia yeye ndiye mpenzi wa sinema na mimi ni msomaji wa maandishi tu. Na kwa kuwa moyo ulikuwa umejaa, nikamwomba radhi kwa ile ya stesheni. Nikasema nisingemsomea vile kama ningejua yatamuumiza.

“We ndo uliumia,” alisema. “Mi nilisikia sauti yako.”

Nikasema sielewi.

“Ile wakati nilikuwa na macho. Yule mutu alishuka na mwavuli ya baba yao. Aliishika na mikono mbili, mbele ya kifua. Nani anabeba mwavuli yake vile? Ya mwenyewe unaiweka kwapani.” Akatengeneza kitenge chake. “Nilijua siku ya kwanza.”

“Na hukuniambia.”

“Nilimuambia mama. Akasema, umuache. Huyu mutoto analala muzuri.”

Dereva alikata kona kuingia Kanyosha. Nililia hapohapo, mwanamke mzima ndani ya tuktuk. Nilimlilia baba, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwa sababu kumbe sikuwahi kumlilia. Sikuona sababu. Yaya alinishika mkono mpaka tulipofika.

Jumapili iliyofuata alikuja mwenyewe sebuleni, akipapasa ukuta, akataka ile ya stesheni. Safari hii sikufanya sauti za ng'ombe. Treni ilipoingia niliacha kusoma maandishi, nikamtazama yule mtu mwenye ndevu. Aliushika mwavuli kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe ambebee.

“Ameshuka?” Yaya aliuliza.

“Ameshuka.”

“Nani?”

Niliwatazama wale watoto wawili wakikimbia, mkubwa akiwa amemshika mdogo mkono, na mkubwa nikaona anapunguza mwendo kabla hajafika.

“Rafiki yake baba,” nikasema.