Barabara Ndiyo Iliyohifadhiwa

Mtaani walimwita Herufi, na hata mkewe akiwa na haraka alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mwandishi wa mabango. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameandika kwenye milango ya maduka, ubavuni mwa malori na kwenye kuta za shule, na hakuna aliyewahi kumrudisha kazini kwa sababu ya herufi iliyopinda. Kwanza alipiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, akarudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja, akahesabu herufi. Hapo ndipo alipochovya brashi. Maana ya maneno haikumhusu. Maana ni ya mwenye bango, alikuwa akisema, mimi kazi yangu ni umbo.

Mtu anaweza kuishi vizuri kabisa na msimamo wa namna hiyo, hadi siku atakapopewa kuandika jambo linalomhusu yeye mwenyewe. Kwa Herufi siku hiyo ilifika pale alipoitwa na ofisi ya mipango miji. Walikuwa wamemaliza kuchora mpango wa mtaa mzima na ilibidi wauweke hadharani. Ramani yenyewe ilikuwa tayari imechapishwa. Kilichokosekana ni ubao wa kusimama kando yake, wa kuonyesha kila rangi kwenye ramani ni ya nini. Afisa mipango, dada mmoja mwenye miwani na adabu nyingi, alimkabidhi karatasi ya maneno akamwomba asiongeze wala asipunguze.

Hakuongeza wala hakupunguza. Juu kabisa aliandika MPANGO WA MATUMIZI YA ARDHI KWA MAENDELEO ENDELEVU. Neno la mwisho lilimkwaza. Alidhani aliyepiga chapa amekosea, akarudi ndani kuuliza, na afisa akamwambia ndivyo linavyoandikwa, ni maendeleo ambayo hata wajukuu watayakuta. Herufi akasema sawa, ingawa hakuelewa ni nani angetaka maendeleo ya aina nyingine. Vikafuata visanduku vya rangi. Makazi, njano. Matumizi mchanganyiko, rangi ya chungwa. Eneo la wazi, kijani. Ukanda wa kinga, zambarau. Hifadhi ya barabara, kijivu. Hilo lilikuwa na herufi kumi na saba na lilikaa kwenye mstari wake vizuri ajabu, akalitazama kwa muda mrefu kuliko mengine. Chini, kwa rangi nyekundu, aliandika kwamba mwenye pingamizi alilete ofisini kwa maandishi ndani ya siku thelathini, na kwamba asiyeleta atahesabiwa ameridhia.

Alipomaliza akasogea kwenye ramani kutafuta nyumba yake. Nyumba saba za safu ya chini, zile zilizo kati ya mfereji na njia ya vumbi, zote zilikuwa kijivu. Ya tatu ilikuwa yake. Ya nne ilikuwa ya mama mkwe wake. Akarudi kwenye ubao kuhakikisha. Kijivu ni hifadhi. Moyo ukamtulia tuli, maana kwa miezi kadhaa watu walikuwa wakinong'ona kwamba kuna watakaohamishwa, na mkewe alikuwa amekonda kwa mawazo.

"Tumehifadhiwa," alimwambia mkewe mlangoni, rangi ikiwa bado kwenye nyusi. "Wengine sijui, lakini sisi tumehifadhiwa."

"Nani kakwambia?"

"Aniambie nani? Si nimeandika mwenyewe!"

Jibu hilo halikuwa jibu, lakini lilimtosha mkewe, na kufikia jioni lilikuwa limetosheleza safu nzima. Kuanzia hapo Herufi akageuka mtaalamu. Ubao haukueleza kitu, kwa hiyo watu waliona aliyeuandika lazima ajue. Kinyozi, ambaye kibanda chake kiliangukia kwenye zambarau, alikuja kuuliza hiyo kinga ni ya ugonjwa gani na chanjo inaanza lini. Herufi akakuna kichwa, akasema nadhani wataanza na watoto. Mama mmoja wa juu ya mtaa aliuliza kama eneo la wazi maana yake ni kwamba asifunge mlango. Herufi alifikiri sana, akamjibu kwamba wazi ni wazi, yaani halina utata. Yote hayo aliyasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na kwa kweli hapo ndipo ninapomlaumu, kwa sababu moyoni alikuwa gizani sawa na wenzake. Kila alipopita pale ubaoni aliyasoma maneno yake upya, na kila mara yalimteleza. Yalikuwa maneno ya nyumbani kabisa, maneno ambayo angeweza kuyatumia mezani, lakini yalivyopangwa pale yalimtazama kama watu asiowafahamu.

Aliyemchekesha kuliko wote ni fundi viatu. Yeye alikuwa kwenye rangi ya chungwa, matumizi mchanganyiko, na hofu ilimshika hapo hapo.

"Mchanganyiko na nani?" alimuuliza Herufi. "Wananiletea nani kwenye banda langu?"

"Hakuna anayekuletea mtu. Acha woga."

"Mimi napinga. Niandikie wewe, mkono wangu unajua sindano tu."

Herufi alimwandikia huku akivunjika mbavu. Fundi alisema, yeye akafuata neno kwa neno: Mimi ni fundi viatu. Niko hapa miaka kumi na tisa. Sitaki kuchanganywa na mtu nisiyemjua. Kama nimekosea kuelewa, naomba nielezwe kwa maneno ninayoyatumia. Fundi akaipeleka barua ofisini mwenyewe, akagongewa muhuri kwenye nakala, akaificha nakala ndani ya kiatu cha mteja aliyehama.

Mama mkwe naye habari zilimfikia. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa akiishi mji mwingine, alikuwa amemwomba kwa mwaka mzima akakae naye, na mama alikuwa hajakata shauri. Aliposikia wamehifadhiwa alimtumia mwanawe salamu kwamba haondoki. Akamwita mwashi amtengenezee sakafu ya saruji chumbani. Maisha yake yote alikuwa amekanyaga udongo, ndani ya nyumba za watu na hatimaye ndani ya yake. "Mkwe wangu ndiye aliyeandika ubao," alimwambia mwashi, "kwa hiyo weka nene." Herufi alibeba mchanga kwa toroli mwenyewe, akitembea kifua mbele.

Siku ya thelathini, saa nne asubuhi, afisa mipango alimwita arekebishe kona ya ubao iliyokwanguliwa na mkokoteni. Alipomaliza, akaingia ofisini kusaini. Afisa alikuwa akipanga barua kwenye faili.

"Mzee wangu, naona safu yenu ya chini mmeridhia," alisema. "Hakuna pingamizi hata moja. Kusema kweli nimeshangaa."

"Tupinge nini, mwanangu? Sisi tuko kwenye hifadhi."

Afisa akaweka faili chini. "Ndiyo. Hifadhi ya barabara."

"Hiyo hiyo. Tumehifadhiwa."

"Hapana, mzee. Ni barabara ndiyo iliyohifadhiwa."

Herufi akatabasamu kwa heshima, kama anavyotabasamu mtu asiyesikia vizuri. Alijaribu kulipanga lile jambo kichwani. "Yaani sisi tunahifadhiwa ili barabara isitudhuru?"

"Barabara inahifadhiwa ili nyinyi msiizuie. Ile ni ardhi iliyotengwa kwa upanuzi. Nyumba zilizomo zitaondolewa. Ni utaratibu shirikishi, mzee, wadau wote wamepewa fursa ya..."

Maneno mengine yakampita. Alikuwa bado ameshika kalamu ya kusainia na hakujua aiweke wapi. Nyumba inahifadhiwaje kwa kubomolewa? Aliuliza hivyo, kwa sauti, na afisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijaribu kumwelezea kwa kutumia ukanda, kisha akajaribu kwa kutumia endelevu, na kila neno aliloleta kusaidia lilizidi kumchanganya mzee wa watu. Mwishowe afisa alivua miwani.

"Mna mpaka saa tisa na nusu," alisema kwa upole. "Mkileta barua leo zitasikilizwa. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo. Zikija kesho sizipokei, hata nikitaka."

Alitoka mbio kuelekea nyumbani. Hakuwa akiiwazia nyumba yake peke yake. Alikuwa akihesabu milango, kama anavyohesabu herufi: saba, na yote saba ilikuwa imekaa kimya siku thelathini kwa sababu yeye alisema ikae kimya.

Mkewe alimsikiliza amesimama, akaketi, akasimama tena. "Kwa hiyo hifadhi si hifadhi?"

"Ni hifadhi. Ila si yetu."

"Herufi, mbona sikuelewi?"

"Hata mimi sijielewi. Nipe daftari la watoto."

Alichana karatasi saba, akaketi, na hapo akagundua kwamba hajui aanze vipi. Mtu aliyeandika nusu ya mji hakuwa amewahi kutunga sentensi yake mwenyewe. Kalamu ilisimama hewani hadi mkewe akamnyang'anya. Hapo ndipo alipoumeza utu uzima wake, akaenda bandani kwa fundi viatu.

"Naomba ile nakala yako."

"Ya mwoga?"

"Ndiyo, ya mwoga. Nisamehe, ndugu yangu, nitakuomba radhi vizuri kesho. Leo sina muda."

Fundi aliitoa ndani ya kiatu, akafunga banda, akafuatana naye. Herufi akainakili kwenye karatasi zote saba, akitoa viatu na kuweka nyumba. Kufikia saa nane walikuwa wamemaliza nyumba sita, ukihesabu na yake. Kila mlango Herufi alisema lile lile, kwamba alikosea, na kila mlango lilikuwa zito upya. Wengine walimtukana. Dereva mstaafu wa nyumba ya kwanza alisaini kwa hasira hadi karatasi ikatoboka. Mama wa nyumba ya sita hakukasirika, aliuliza tu mara tatu kama ana hakika safari hii, na Herufi akamjibu mara tatu kwamba hana hakika na kitu chochote, asaini tu.

Ikabaki nyumba ya nne. Alikuwa ameiruka makusudi.

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini akinyunyiza maji kwa kikombe ndani ya chumba. Mwashi alikuwa amemaliza asubuhi ile. Sakafu ilikuwa nyororo, ya kijivu, bado mbichi, na kuanzia usiku uliopita vyombo vyake, pamoja na sanduku la karatasi zake, vilikuwa vimeegeshwa kwenye ukuta wa ndani, ng'ambo ya saruji.

"Msikanyage, baba," alisema. "Mwashi kasema siku tatu. Nitalala kwenu."

Herufi akachuchumaa mbele yake. Mkewe, aliyekuwa amewafuata, alifungua kinywa amsaidie, naye akamzuia kwa mkono. Akasoma karatasi hadi mwisho.

"Sasa mimi nipinge nini?" mama aliuliza. "Wewe umesema tumehifadhiwa."

"Nilikosea, mama. Lile neno sikulijua. Niliandika nisichokijua, kisha nikawaambia watu nakijua."

"Afisa ndiye hajui. Wewe ndiye uliyeandika."

"Mama, mimi niliandika tu."

Mama alimtazama usoni, akitafuta kitu cha kumtetea nacho, na Herufi alitamani amtukane kama walivyomtukana wengine. Ingekuwa nafuu kubwa.

"Hiyo barabara," mama alisema mwishowe, "inapita wapi hasa?"

Herufi akanyoosha mkono juu ya kizingiti, ndani ya chumba.

Mama aligeuka akaitazama sakafu. Akakiweka kikombe chini.

"Wanataka nambari ya kitambulisho?"

"Wanataka, mama. Lakini tunaweza kutafuta mti mrefu tukalivuta sanduku, usi..."

"Saa ngapi wanafunga?"

"Saa tisa na nusu."

Akavua kandambili, akakunja kanga magotini, akaingia. Alitembea pole pole katikati ya saruji mbichi hadi ukutani, mguu ukizama kila hatua, akafungua sanduku, akatoa kitambulisho chake. Kisha akarudi kwa njia ile ile, bila kuangalia chini.