Sakafu ya Nyumba ya Matrah

Enzi zetu, wenzangu, mtoto hakuulizwa kama ana nafasi. Tulipotoka Unguja kuja nchi ya Waarabu, baba alinunua nyumba kuukuu hapa Matrah, yenye roshani ya mbao na paa linalovuja mpaka vitandani. Mama akasema paa litapigwa sakafu ya chokaa, kama kwao Unguja. Basi Ijumaa moja mtaa mzima ukapanda juu, kila mtu na kipande chake, gongo la mbao la kupigilia, tukapigilia chokaa na kokoto kwa mpigo mmoja. Kaka yangu Nasri, mwenye miaka kumi, ndiye aliyeimbisha, sisi tukaitikia. Mikono ilitoka malengelenge, chokaa ikatuwasha puani, na harufu ya mandazi ya iliki ikapanda ngazi kutoka jikoni. Ukisimama kupumua, mama alikuwa na neno moja: "Chokaa haikungojei wewe." Ikikauka nusu nusu, hupasuka pale ilipoungwa.

Sasa Nasri huyo huyo anataka kuibomoa nyumba tujenge fleti. Paa limeanza tena kuvuja, na kaniambia mvua ijayo ikipenya, analeta tingatinga. Nyumba tumerithi sote wawili, lakini yeye kashachoka nayo.

Nikafanya kosa, nikaajiri mafundi wanne waipige sakafu upya. Kufika adhuhuri upande wa kwanza umeshakauka, na ufa umepita katikati. Kazi ya mikono arubaini niliwapa wenye minane. Nilikasirika, kisha nikatuma sauti kwenye kundi la ukoo: "Nnakutakeni Ijumaa, kila mtu na kipande chake. Asiyekuja asinialike harusini."

Wakaja, kutoka mitaa ya Ruwi, Khuwair, hata Ansab kule mbali. Vijana wetu walivaa viatu vyeupe, wakauliza mashine iko wapi. Mmoja alijipiga picha kumi kabla hajapiga pigo la kwanza. Nikaimbisha mimi, na Nakato, binti wa Kiganda anayefanya kazi kwa shangazi yangu, alishika kiitikio kabla yao wote, ilhali wao ndio waliorithi Kiswahili.

Tukiwa katikati ya kazi, Nasri akapanda ngazi, uso kaukunja.

"Shukeni, mtaanguka."

"Hatushuki," nikamwambia, na sikuacha kupiga.

Akasimama pale, mikono kifuani. Vijana walikuwa wanakimbiza, kila mtu na mpigo wake. Nikamwona kaka anakunja uso zaidi, mpaka ikamshinda.

"Mnakwenda mbio. Hivyo itapasuka."

Akakunja kanzu, akamnyang'anya mmoja kipande, akaimbisha. Sauti imezeeka, lakini maneno yote anayo. Nililia, wala sikujificha.

Mvua bado, na kaka hajasema kama kabadili nia. Zamani mtaa ulipanda bila kuitwa. Siku hizi nawatafuta mmoja mmoja kwa simu, na inaniuma. Nitawatafuta tu. Malengelenge ya Nasri nimeyaona kwa macho yangu, na tingatinga likija, litatukuta juu.