Koplo Mwenye Pembe

Siku ya kwanza jeshini wenzangu walipewa bunduki, mimi nikapewa mbuzi. Sajini alinikabidhi kamba mbele ya kikosi kizima kambini Same, akasema huyu ndiye mnyama wa bahati wa kikosi, ana cheo cha koplo, na mimi kuruta sina cheo chochote. Kwa hiyo kila asubuhi nilimpigia saluti mbuzi. Ninyi chekeni tu, mimi sikucheka.

Kazi yenyewe ilikuwa na taratibu zake. Kwato zilipakwa mafuta, pembe zikasuguliwa mpaka zing'ae, na kwenye gwaride alivaa koti jekundu akatangulia mbele ya ngoma. Ilibidi nimfundishe kwata, yaani mwendo wa kijeshi, asije akasimama kula majani wakati Meja, mkuu wa kikosi, anakagua. Posho yake ilikuwa na sukari. Yetu haikuwa nayo.

Mbuzi huyo alikuwa wa Mama Nakiete, mjane wa kwetu milimani. Meja alipopanda kuandikisha vijana alimwona mbuzi huyo, akampenda kwa weupe wake. Mama hakumuuza. Kwetu Upare mtu humweka mnyama wake kwa mwenzake. Anayemtunza hupata maziwa na samadi, lakini mnyama habadiliki kuwa wake, na siku mwenyewe akimdai anarudishwa. Neno husemwa mbele ya watu, basi, limekwisha. Mama alimweka mbuzi kwa Meja siku ileile mwanawe wa pekee, Elieza, alipoandikishwa. Akasema mbele yetu sote kwamba anawaweka wote wawili, na wote wawili warudi. Meja akajibu, "Sawa, mama." Sisi Wapare tukajua mapatano yamefungwa.

Tulipelekwa Voi, halafu kaskazini, mpaka Uhabeshi. Huko mbuzi alipotea mara moja. Meja alisimamisha safari, platuni mbili zikapekua vichaka kutwa nzima hadi akapatikana. Baadaye tulivuka mto chini ya risasi, na tulipofika ng'ambo Elieza hakuwepo. Nilimwomba Meja turudi tukamtafute, hata watu wachache tu. Alisema vita havimngoji askari mmoja. Tukaondoka. Jibu lile sijalisamehe mpaka leo.

Tuliporudishwa, treni ilisimama stesheni ya Same, na Mama Nakiete alikuwa akingoja pale. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yakinipita, behewa hadi behewa. Nikamweleza yote, ya mtoni na ya vichakani. Hakulia mbele ya watu. Alimwendea Meja, akamdai mbuzi wake.

"Huyu ni mali ya jeshi," Meja alisema. "Ulimtoa mwenyewe."

"Sikumtoa, nilimweka. Nao walikuwa wawili."

Meja akampa mgongo. Nilimvua mbuzi lile koti, nikamtupia Meja koti lake, na kamba nikamshikisha mama. Mimi nikatiwa mahabusu palepale. Wakati wakihangaika nami, mama akapanda mlima na mnyama wake.

Kesho yake Meja alipanda na askari milimani kumtafuta mbuzi, mimi nikiwa na pingu ili niwaonyeshe njia. Sikuwaonyesha. Waliingia nyumba kwa nyumba, wakakanyaga maharage ya watu, mpaka wakamkuta migombani nyuma ya jiko la mama.

Jeshi lilinifukuza bila medali. Nikaajiriwa kuogesha ng'ombe kwenye josho la Kihurio, chini ya bwana mifugo mmoja baada ya mwingine, hadi nikastaafu. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima, siijutii. Lakini kila wanapowaalika wazee wa vita kusimama juani kuwakumbuka mashujaa, siendi, na wajukuu huniona mkorofi. Wao hawakuwepo siku ile pale migombani, mama alipomfungua mbuzi mwenyewe na kumletea Meja kamba mkononi.

"Umemtafuta mpaka umempata," alimwambia. "Kumbe kutafuta unajua."

Meja alipokea kamba.