Mchungaji wa Mochwari

Wenzake hospitalini walimwita Mchungaji, na utani huo ulikuwa na ncha. Ujanani alisoma mwaka mmoja na nusu katika chuo cha uchungaji, kisha baba yake akapooza upande mmoja. Yeye ndiye kifungua mimba. Akafunga virago, akarudi kumuuguza. Kazi aliyoipata haikuwa na wagombea: kupokea maiti, kuziosha na kuzitunza mochwari.

"Mchungaji," madereva wa gari la wagonjwa walimtania, "kondoo wako leo hawajatoroka?"

Alicheka nao, maana asiyejua kucheka mahali pale hadumu. Lakini moyoni alijiona mtu aliyeitwa akashindwa kwenda.

Mwaka wa tisa baba alifariki. Haukupita muda, ikaja barua ya mkuu wa chuo: nafasi yake ingalipo, na familia ingepewa nyumba. Mkewe aliisoma mara mbili, amesimama.

"Baba watoto, unangoja nini tena?"

"Nangoja kujua kama ni Mungu anayeniita, au ni mimi ninayetaka kuitwa."

"Wewe nawe! Barua ina muhuri."

Alifunga na kuomba wiki mbili. Mbinguni kimya.

Jumanne moja asubuhi akaja mama mmoja na shemeji yake. Mumewe, mwashi, alikuwa ameanguka kutoka juu ya jengo, na ilibidi mama amtambue. Alipofika mlangoni miguu ikagoma. Askari aliyeshika fomu alitazama saa.

"Mama, ni dakika moja tu, utie sahihi."

"Afande, mpe nafasi," Mchungaji alisema, akamletea mama kiti, akaingia ndani peke yake.

Alimtoa marehemu saruji kwenye kope na kucha. Akamfunga kidevu, akamchana nywele, akafunika upande ulioumia. Kisha akatoka, akachuchumaa mbele ya yule mama, akamweleza bila kuficha: atakuwa wa baridi, upande wa kushoto umefunikwa, usifunue. "Ukitaka kutoka, tutatoka wote."

Mama aliingia ameshika mkono wa koti la Mchungaji. Alitazama muda mrefu, akagusa vidole vya mumewe.

"Nani amemwosha?"

"Mimi."

"Tangu anioe, mikono yake haijawahi kutakata hivi." Akacheka, na kicheko kikakatika kikawa kilio. "Tuombee, baba."

Mchungaji alizitafuta sala za chuoni, hata moja haikuja. "Bwana," alisema, "huyu ni wako. Na huyu mama pia ni wako." Akaishia hapo.

Walipoondoka, alibaki ameegemea meza. Akawaza: kesho mwingine atasimama mlangoni pale miguu imemgomea, nani atamletea kiti? Hakusikia sauti yoyote. Ila ule wasiwasi wa miaka tisa, alipoutafuta, hakuuona.

Jioni akamweleza mkewe kwamba atabaki mochwari. Mama watoto aliinama, kisha akainua uso una machozi ya hasira.

"Kwa hiyo wanangu waendelee kuitwa watoto wa mochwari?"

Siku tatu walisemeshana ya lazima tu. Ya nne, mkewe akampigia pasi koti la kazini. Naye akajua kwamba si kukubali, ni kumvumilia. Hata miaka mingi baadaye mkewe angesema, "Ile nyumba bado naiota," naye hakuwahi kumwambia anyamaze.

Alimjibu mkuu wa chuo kwa shukrani: hatakuja. Lakini kama chuo kitapenda, kiwalete wanafunzi wakae naye wiki moja moja, wajifunze kusimama na mfiwa. Mkuu alikubali. Mwaka wa kwanza walikuja watatu. Mmoja alizimia mlangoni siku ya kwanza, akapepewa, akapelekwa nyumbani. Kesho yake saa mbili kamili alikuwa amefika, anauliza glavu ziko wapi.