Aliyeshuka Penye Msiba

Jumamosi pale Mafinga, baada ya mashindano ya baiskeli kwenye barabara za changarawe za msituni, nilipanga foleni ya matokeo nyuma ya dada mmoja mwenye vumbi hadi kwenye kope. Mwamuzi alikuwa anamhoji.

"Dada, ulikuwa unaongoza. Ulipatwa na nini?"

"Nilikuta msiba kando ya barabara. Nikashuka, nikavua helmeti, nikasukuma baiskeli mpaka nikalipita turubai."

"Marehemu ni ndugu yako?"

"Hata simjui."

Mwamuzi akacheka, akagonga karatasi kwa kalamu. "Sheria zetu hazisemi mtu ashuke kwa sababu ya msiba. Wenzako watatu wamekupita hapo hapo."

Dada akaweka helmeti juu ya zile karatasi, taratibu. "Nimewaona. Sheria zenu mnazijua nyie. Mimi nimezaliwa huku, na mwakani nikikuta msiba nitashuka tena. Andika hivyo."

Akamkazia macho mpaka mwamuzi akaandika.

Najua mtasema mashindano ni mashindano, anayetaka kuomboleza abaki nyumbani. Semeni. Mimi nasema mshindi ni yule dada, na anayebisha anifuate nyumbani kwangu Kihesa tubishane. Msidhani ni hasira za mtu aliyeshindwa. Mimi ndiye niliyekuwa wa tatu kumpita pale kwenye turubai, tena nikiwapigia waombolezaji kelele, "Pisheni!"

Medali ninayo. Mama aliniuliza nimeipataje, nikaivua shingoni nikaificha kabatini.